Gereza Si Mlezi: Hoja Dhidi ya Siasa ya Kungoja Mtoto Aharibike

Wizi wa mifugo unapozidi vijijini Ikungi, au vibaka wanapoongezeka mjini Singida, tunajua kitakachofuata kabla hakijatangazwa. Kamati ya ulinzi na usalama itakutana. Kiongozi atasimama mbele ya vipaza sauti na kuagiza kwamba vijana wasiotaka kufanya kazi washughulikiwe. Polisi watafanya msako, sungusungu wataongezewa doria, na wazazi wataambiwa kuwa wamezembea malezi. Baada ya majuma machache habari itapoa. Hakuna kikao kitakachouliza swali lenye faida kwa miaka ishirini ijayo: vijana hawa walikuwa wapi walipokuwa na umri wa miaka sita, na taasisi zetu zilikuwa wapi?

Makala haya yanatetea hoja moja. Tanzania haina uhaba wa maarifa kuhusu namna mhalifu anavyotengenezwa, wala haina uhaba wa sheria na mipango ya kuzuia utengenezaji huo. Kinachokosekana ni utayari wa kulipa mapema. Tunasita kumwajiri afisa ustawi wa jamii leo, kisha tunakubali bila mjadala kumlipa askari, mpelelezi, hakimu na bwana jela kesho, kwa ajili ya mtoto yuleyule. Tumeuzoea mtindo huo kiasi cha kuuona kama hali ya hewa, jambo lisilo na mwenyewe. Lina mwenyewe. Ni uamuzi wa bajeti, unaofanywa na watu wenye majina na vyeo, kila mwaka wa fedha.

Hesabu ya miaka saba

Mfano ulio wazi zaidi tunao Dar es Salaam. Januari 2015 jiji lilitikiswa na makundi ya vijana yaliyopewa jina la Panya Road. Maduka yalifungwa mapema, watu wakakimbia hovyo mitaani, wengine kwa hofu halisi na wengine kwa uvumi, na Polisi wakakamata vijana kwa mamia. Septemba 2022 jina hilo likarudi, safari hii likiambatana na uvamizi wa nyumba usiku, wizi na mauaji. Dola ikajibu vilevile: operesheni, ukamataji, na watuhumiwa kuuawa katika kile ambacho Polisi walikieleza kuwa majibizano ya risasi.

Sasa tufanye hesabu ambayo haikufanywa hadharani. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 wakati wa taharuki ya 2015 alikuwa na miaka 16 mwaka 2022. Kati ya matukio hayo mawili dola ilikuwa na miaka saba kamili ya kumfikia: miaka ya darasa la tatu hadi kidato cha pili, miaka ambayo mwalimu anamwona kila siku, na mjumbe wa shina anajua nyumba yao ina ugomvi gani. Operesheni ya 2015 ilishughulika na waliokuwa wamekwisha kukua. Waliokuwa wakikua hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Simlaumu askari anayekwenda kuokoa familia iliyovamiwa usiku. Familia hiyo ina haki ya kuokolewa. Ninalaumu nchi inayofanya operesheni kuwa sera yake ya kwanza na ya mwisho.

Kinachojulikana

Uwanja wa kriminolojia unaochunguza maisha ya mtu tangu utotoni una kazi ya zaidi ya nusu karne nyuma yake. Mwaka 1961 watafiti wa Cambridge, wakiongozwa na Donald West na baadaye David Farrington, walianza kuwafuatilia wavulana 411 wa kusini mwa London waliokuwa na umri wa miaka 8 hivi. Wakaendelea kuwafuatilia hadi walipofika makamo. Matokeo yake yanamhusu kila diwani wa Tanzania. Mambo yaliyoashiria hatari mapema hayakuwa ya kimiujiza: umaskini wa kaya, usimamizi hafifu wa wazazi, adhabu kali na zisizotabirika, mzazi au ndugu aliyewahi kutiwa hatiani, kushindwa shuleni tangu madarasa ya mwanzo, na tabia ya mtoto ya kutenda kabla ya kufikiri. Jambo jingine lililoonekana ni kwamba takriban asilimia 7 tu ya wanaume hao walibeba zaidi ya nusu ya hukumu zote zilizotolewa dhidi ya kundi zima.

Huko Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa hadi utu uzima. Kutokana na kazi hiyo, Terrie Moffitt alitoa mwaka 1993 hoja ambayo mahakimu wetu wangeifaidi. Alitenganisha makundi mawili. Wapo wachache ambao ukorofi wao huanza utotoni, hulishwa na udhaifu wa makuzi na mazingira mabaya ya nyumbani, na huendelea hadi utu uzima. Wapo wengi ambao huingia katika uvunjaji wa sheria wakati wa balehe, kwa kufuata rika, kisha huacha wanapopata kazi, familia na sababu ya kujiheshimu. Ukimchukua kijana wa kundi la pili, aliyeiba simu akiwa na miaka 16, ukamfungia chumba kimoja na watu wa kundi la kwanza, unamfungulia shule ambayo hakuwa amejiandikisha.

Katika tafiti hizi zote jambo moja hujirudia: hakuna kihatarishi kimoja kinachomtengeneza mhalifu. Umaskini peke yake haumfanyi mtu mwizi. Vinginevyo nusu ya taifa ingekuwa jela. Kinachoangamiza ni mrundikano. Njaa ikikutana na kipigo, kipigo kikakutana na kuacha shule, kuacha shule kukakutana na kijiwe chenye pombe na kaka wakubwa wenye fedha za haraka, mzigo unakuwa mkubwa kuliko mabega ya mtoto. Hapo ndipo penye matumaini pia, kwa sababu mzigo uliorundikwa unaweza kupunguzwa kitu kimoja kimoja.

Atasimama mtu na kusema kwamba hayo ni ya Wazungu. Basi tusome ya kwetu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Serikali yenyewe ilishiriki katika utafiti huo na ikayapokea matokeo. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania: karibu wote walikuwa wamewahi kuchapwa, nyumbani na shuleni, na kadiri kipigo cha nyumbani kilivyozidi ndivyo ukorofi na uchokozi wa mtoto ulivyozidi. Ushahidi huu haukuletwa na meli kutoka ng'ambo.

Singida ilikwisha kuliona hili

Mkoa wetu una historia inayopaswa kutufanya wepesi wa kuelewa. Kati ya mwaka 1946 na 1948 Unyaturu uliingiwa na hofu ya vifo vilivyodaiwa kutendwa na watu-simba, yaani binadamu waliovishwa ngozi na kuua kwa mfano wa mnyama. Serikali ya kikoloni ilikamata, ikashitaki na ikanyonga. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyetafiti miongoni mwa Wanyaturu, aliirejea habari hiyo mwaka 1962 na kuipima upya, na mjadala juu ya kipi kilikuwa cha simba halisi, kipi cha binadamu na kipi cha hofu ya uchawi haujafungwa.

Ninachokitaka hapa ni namna wananchi walivyolieleza jambo lenyewe. Katika simulizi za wakati ule, mtu-simba hakuzaliwa mtu-simba. Alikuwa kijana aliyeibwa au kununuliwa angali mdogo, akafichwa gizani, akatengwa na lugha na mapenzi ya watu, akalelewa kwa ajili ya kazi ya kuua, na nyuma yake alikuwapo mtu mzima aliyemmiliki na kunufaika naye. Iwe ni kweli ya tukio au kweli ya simulizi, bibi na babu zetu walishika jambo ambalo vikao vyetu vya leo vinalikwepa: mtu wa kutisha ana historia ya utoto, na katika historia hiyo kuna watu wazima wanaopaswa kujibu.

Tuutazame utoto wa Singida ya leo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,370,637 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 2,008,058. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto. Mkoa unategemea msimu mmoja wa mvua, na mvua ikikatika mapema, kaya huuza mbuzi, kisha huuza muda wa mtoto. Mvulana hutolewa darasani kwenda kuchunga, au kupakia magunia katika soko la vitunguu la Misuna, au kufuata wakubwa machimboni. Msichana hupandishwa basi kwenda kufanya kazi za ndani Dodoma au Dar es Salaam, katika nyumba ambayo hakuna wa kwao anayeijua. Mtoto huyo amepoteza kwa siku moja mambo matatu yanayomkinga mwanadamu: macho ya mzazi, mwalimu anayemjua kwa jina, na rika linaloenda shule.

Bei ya alizeti ilipoporomoka msimu wa 2022/23, wakulima wakilalamikia wingi wa mafuta ya kula yaliyoagizwa kutoka nje, mjadala uliishia kwenye viwanda na ushuru. Hakuna aliyesema kwamba uamuzi wa ushuru ni uamuzi kuhusu ada ya mtihani, sare, na chakula cha mchana cha mtoto wa Mkalama. Aliyezoea kufikiri kwamba uhalifu ni suala la Jeshi la Polisi pekee hawezi kuona uhusiano huo. Mama anayeuza gunia kwa hasara anauona bila kufundishwa.

Kiboko kama sera

Nikifika hapa najua nitapoteza baadhi ya wasomaji, na wengi wao ni walimu ninaowaheshimu. Lazima lisemwe: taifa linalodai kupambana na uhalifu huku likitetea kiboko linajitekenya na kucheka lenyewe.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa, na viandikwe katika daftari. Kila aliyesoma katika nchi hii anajua umbali uliopo kati ya maandishi hayo na uwanja wa paredi. Agosti 2018 mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu. Tukalia, tukalaani, mwalimu akashitakiwa kwa mauaji, na kanuni ikabaki ilivyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inapiga marufuku mateso, kisha inaacha mlango wa adhabu ya kadiri, na mlango huo hupitisha mengi.

Watetezi wa kiboko hukimbilia methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya kweli, na haisemi popote kwamba mtoto apigwe. Inasema asiachwe afanye apendalo. Tafiti zote nilizozitaja zinakubaliana nayo: usimamizi thabiti, kanuni zinazoeleweka, na mzazi anayejua mtoto yuko wapi saa mbili usiku ni kinga kubwa. Ukali usiotabirika ni kihatarishi. Tumevichanganya vitu viwili, tukakiita kipigo nidhamu na tukaliita tendo la kukaa na mtoto na kumsikiliza kuwa ni ulegevu. Matokeo yake ni mtoto anayetoroka shule kwa hofu, na shule anayoitoroka ndiyo ilikuwa kinga yake ya mwisho. Anapopotea siku kumi, tunamwita mtoro na kumtishia mzazi kwa faini. Hatuulizi alikimbia nini.

Kihatarishi si hukumu

Maarifa haya yana hatari yake. Yakiingia mikononi mwa watu wavivu huwa ramli. Mtoto wa mama asiye na mume atatiliwa shaka. Mtoto wa aliyefungwa ataitwa mwana wa mwizi mbele ya darasa. Mtoto wa kijiji fulani au kabila fulani atasomwa kama jedwali. Anayefanya hivyo hajaielewa sayansi hii hata kidogo, na anaongeza kihatarishi kipya juu ya vile vilivyokuwapo, kwa sababu mtoto anayeitwa mwizi kila siku hana cha kupoteza akiiba.

Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955. Takriban theluthi moja ya wale waliozaliwa katika mrundikano wa hatari walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wema na kujiamini. Walichokuwa nacho kilikuwa cha kawaida sana: angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, awe bibi, mjomba, jirani au mwalimu, kazi au jukumu lililowapa heshima, na kundi la watu walilojihisi ni sehemu yake. Sisi tunaojisifu kwamba mkono mmoja haulei mwana hatukupaswa kusubiri kisiwa cha Pasifiki kituambie. Ila ukoo wa leo umechoka. Bibi analea wajukuu watano bila fedha, mjomba yuko machimboni, na mwalimu ana darasa lisilohesabika. Kinga haiwezi kuendelea kuwa sadaka ya bibi. Inahitaji mtumishi wa umma mwenye mshahara.

Wanaopinga

Nimesikia hoja tatu dhidi ya msimamo huu, na zinastahili majibu.

Ya kwanza ni ya maadili: wapo maskini wengi wasioiba, kwa hiyo mhalifu abebe mzigo wake. Nakubali sehemu ya pili. Aliyemvunja mwenzake mkono kwa panga anapaswa kujibu mbele ya sheria, na aliyevunjwa mkono anastahili haki. Kueleza chanzo cha tendo si kulisamehe; daktari anayetafuta chanzo cha kipindupindu haupendi ugonjwa huo. Anayemjali mwathirika kwa dhati ndiye anayepaswa kudai zaidi kwamba mwathirika anayefuata asipatikane.

Ya pili ni ya fedha: nchi maskini haiwezi kumfuata kila mtoto. Kwanza, hakuna aliyesema kila mtoto. Wanaobeba mrundikano mkubwa ni wachache, na kwa kawaida mwalimu na mtendaji wa kijiji wanawajua. Pili, nchi zenye hali ngumu kuliko yetu zimejaribu. Huko Monrovia, Liberia, baada ya vita, vijana 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi na dawa za kulevya waliingizwa katika jaribio. Baadhi walipewa majuma 8 ya mafunzo ya kutawala hasira na kubadili namna ya kujiona, baadhi dola 200, baadhi vyote viwili. Miaka kumi baadaye, waliopata vyote viwili walikuwa wamepunguza vitendo vya wizi na vurugu kwa takriban nusu. Tatu, hatua nyingine hazihitaji hata shilingi. Machi 1, 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe ya viroba, na kile kipakiti kilichouzwa kwa bei ya peremende kikatoweka kwenye vibanda vya jirani na shule. Dola ikitaka, inaweza kuyabadili mazingira ya mtoto kwa tangazo moja.

Ya tatu ndiyo inayopendwa na viongozi: malezi ni jukumu la wazazi. Ni kweli, na Sheria ya Mtoto inasema hivyo. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 94, inaipa halmashauri wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kiongozi anayenukuu nusu ya kwanza na kuimeza nusu ya pili anajitetea yeye, hamtetei mtoto.

Kinachodaiwa

Hatudai sera mpya. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulianza mwaka 2017/18 na kuagiza kamati za ulinzi hadi ngazi ya kijiji. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka 0 hadi 8, umri uleule ambao tafiti zinauonyesha kuwa wa thamani kubwa kuliko mwingine wowote. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, warudi katika mfumo rasmi. Hati zipo na zimeandikwa vizuri. Madai yangu ni kwamba zitekelezwe hapa, katika halmashauri za Singida, kwa namna inayoweza kukaguliwa.

Kwanza, kila kata iwe na afisa ustawi wa jamii, naye awe na usafiri. Afisa mmoja anayehudumia kata kadhaa zilizotawanyika porini, bila pikipiki wala mafuta, ni jina kwenye ikama. Mahakama haiwezi kupata ripoti ya maana kuhusu mazingira ya mtoto kutoka kwa mtu ambaye hajafika nyumbani kwao.

Pili, fungu la ulinzi na makuzi ya mtoto lionekane katika bajeti ya halmashauri, likiwa na kiasi kilichotengwa na kiasi kilichotolewa. Tumezoea kutenga na kutotoa.

Tatu, daftari la mahudhurio lifanywe kengele ya hatari. Mtoto akikosa shule siku kadhaa mfululizo, mwalimu wa malezi na mtendaji wa kijiji wafike nyumbani kwanza kwa kuuliza, kabla ya barua ya vitisho. Na kiboko kiondolewe shuleni, walimu wakipewa mafunzo ya njia nyingine za kudhibiti darasa. Mafunzo hayo yamejaribiwa katika shule za Tanzania na yanajulikana.

Nne, mtoto aliyekinzana na sheria atendewe kama sheria inavyosema. Kanuni ya Adhabu haimtwishi jinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Kifungu cha 119 cha Sheria ya Mtoto kinakataza kumhukumu mtoto kifungo. Shule ya Maadilisho iliyopo ni ya Irambo, Mbeya; kumpeleka huko mtoto wa Kiomboi ni kumtenga na kila mtu anayeweza kumrudisha kwenye mstari. Kwa makosa madogo, usuluhishi, fidia na uangalizi wa karibu hapa nyumbani uwe njia ya kwanza. Mtoto asilale mahabusu na watu wazima kwa kisingizio kwamba umri wake haukuulizwa.

Tano, kijana anayetoka gerezani asikabidhiwe nauli na kusahauliwa. Robert Sampson na John Laub, waliporejea kumbukumbu za vijana 500 wa Boston waliowahi kuwa wahalifu, walikuta kwamba kazi ya kudumu na ndoa njema viliwatoa wengi katika njia ile, hata wale walioanza vibaya. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya makundi maalumu, na asilimia 4 ni ya vijana. Yupo kijana mmoja aliyetoka gerezani ambaye kikundi chake kimepata mkopo huo katika halmashauri yako? Uliza.

Nawaandikia wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma, na kila mmoja ana kazi yake. Mwanafunzi unayetafuta mada ya tasnifu, nenda Mahakama ya Mwanzo na shule iliyo jirani nayo, ufuate njia iliyomleta mtoto kutoka ya pili hadi ya kwanza. Mwanaharakati, omba hati ya bajeti kabla ya kuandaa semina. Mtumishi wa umma, wewe ndiye unayeandika makisio; fungu lile linaweza kuanzia kwenye kalamu yako, na linaweza kufia hapo.

Vikao vya bajeti vya mabaraza ya madiwani viko wazi kwa wananchi. Kinachofuata twende tukiwa na swali moja, tuliulize kwa adabu, na tusiondoke bila jibu lililoandikwa kwenye muhtasari: kata hii ina watoto wangapi walioacha shule mwaka huu, nani aliyekwenda nyumbani kwao, na alikwenda lini?